Ubongo wa Kijana na Umakini wa Mtu Mzima: Tuliyoyaona Dzaleka na Lilongwe



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya ufundishaji wa upatanisho wa kisarufi kwa wanafunzi watu wazima. Nitaligusa jambo hilo, ila kwa kuzunguka kidogo, maana upatanisho ndio ulionifikisha kwenye habari ya ubongo, habari ambayo sisi walimu wa lugha huwa tunawaachia wenzetu wa idara za saikolojia na tiba.

Kwa miaka miwili nilifundisha darasa la jioni la Kiswahili mjini Lilongwe, na kila Jumamosi nilikwenda kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka mjini. Darasa la Lilongwe lilikuwa la madereva wa malori yaendayo Dar es Salaam, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Kariakoo, na watumishi wa mashirika. La Dzaleka lilikuwa la aina nyingine. Humo walikuwamo vijana Wakongo, Warundi na Wanyarwanda ambao Kiswahili wanakijua, wengine tangu tumboni mwa mama zao, lakini walitaka kukiandika kwa usanifu ili wapate kazi za ukalimani na tafsiri. Kwa asiyeifahamu Dzaleka, mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, kisha pakafanywa kambi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya foleni ya posho, ya makanisa mengi, na ya ugomvi wa ndoo bombani.

Miongoni mwa wanafunzi wangu wa Dzaleka alikuwamo kijana wa miaka 24 kutoka Kivu ya Kusini. Kwa mdomo alikuwa hodari kuliko wote. Ungemsomea habari fupi kwa Kifaransa, angekurudishia kwa Kiswahili papo hapo, tena kwa madoido. Kwa kalamu mambo yalikuwa mengine kabisa. Kazi ya kurasa tatu aliileta ikiwa na ukurasa mmoja na nusu. Tarehe alizisahau. Mkoba aliuacha kwenye minibasi mara mbili katika muhula mmoja. Na katika upatanisho alikuwa akiandika sentensi kama hii: “Vitabu vya mwalimu yule aliyekuja juzi kutoka Lilongwe pamoja na mgeni wake amepotea.”

Kwanza nilidhani ni athari ya Kiswahili cha Kongo, ambamo upatanisho haubani sana kama katika Kiswahili sanifu. Baadaye, kazi zilipozidi kuja nusunusu, niliacha habari ya lahaja nikashika ya tabia. Katika fomu ya maendeleo ya mwanafunzi niliandika kwa wino mwekundu: “Mvivu. Hamalizi kazi.” Fomu hiyo ndiyo ambayo ingeamua kama angeendelea na kozi ya ukalimani au nafasi yake angepewa mwingine, kwa kuwa nafasi zilikuwa chache na orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu.

Wiki iliyofuata mama yake alinijia darasani. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

“Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kwa habari ya mtoto wangu. Karatasi yako nimesomewa.”

“Marahaba, Mama. Karibu uketi.”

“Mtoto wangu si mvivu, Mwalimu. Anaamka kabla yetu wote. Lakini tangu ile malaria ilipompanda kichwani, akiwa na miaka sita, ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja, na hicho kimoja ni kile cha mwisho ulichomtajia.”

Maneno hayo yalinikaa. Jioni ile nilitoa madaftari yake sita nikaanza kuhesabu, kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kushika wino mwekundu. Pale ambapo nomino na kitenzi vilikuwa jirani, hakukosea hata mara moja. Makosa karibu yote yalikuwa katika sentensi ambazo nomino na kitenzi chake vilitenganishwa na maneno saba, nane au zaidi, na mengi yalikuwa kwenye ukurasa wa pili wa kazi, si wa kwanza. Lahaja haihesabu maneno. Angekuwa anakosea kwa sababu ya lahaja, angekosea hata katika sentensi ya maneno matatu. Tazama tena sentensi yake: kitenzi hakikukosa mwenyewe, bali kimepatana na “mgeni” aliye karibu baada ya “vitabu” vilivyo mbali kudondoka njiani.

Hapo ndipo ubongo unapoingia. Ili kukamilisha upatanisho katika sentensi ndefu, mwandishi lazima aishike ngeli ya nomino ya kwanza akilini huku akishughulika na mengine, kama mtu anayeshika chenji kiganjani huku akipiga hesabu ya bei. Wataalamu wanaita uwezo huo kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kwa sehemu kubwa hutegemea ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo hiyo ndiyo hutusaidia kupanga, kungoja zamu, kuzuia neno lisitoke kabla ya wakati wake na kurudi kwenye kazi baada ya kukatizwa. Nayo huchelewa kukomaa kuliko karibu sehemu nyingine zote za ubongo.

Zamani ilidhaniwa kwamba ubongo humalizika kujengwa utotoni, na kwamba makeke ya barubaru ni homoni tu. Mwaka 1979 Peter Huttenlocher wa Chicago alichapisha matokeo ya kuhesabu viungo baina ya seli za neva katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na umri mbalimbali. Alikuta kwamba mtoto ana viungo vingi kuliko mtu mzima, na kwamba vingi hupunguzwa kadiri anavyokua, kama mkulima wa kahawa anavyopogoa matawi ili yaliyobaki yazae. Miaka 20 baadaye, mwaka 1999, Jay Giedd na wenzake wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuwapiga watoto na vijana wale wale picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, tena na tena kadiri walivyokuwa wakikua. Waliona kwamba tabaka la seli katika ubongo wa mbele huongezeka mpaka karibu na miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, kisha huanza kupungua. Wakati huo huo nyaya za neva huvishwa utando wa mafuta, kama plastiki inavyovishwa waya wa umeme, na ujumbe hupita kwa kasi zaidi. Kazi hiyo huendelea mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Umri wa miaka 25 unaotajwa sana ni makadirio tu. Hakuna siku ya kuzaliwa ambayo mtu huamka na kukuta ujenzi umekwisha.

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa habari ya umakini, samaki huyu hubaki mbichi kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani, na hilo lina pande mbili. Kijana wa miaka 17 au 20 bado anajengeka, hivyo mafunzo mema yanaingia. Lakini njaa, hofu na kukosa usingizi navyo vinaingia katika miaka hiyo hiyo. Kuhusu usingizi, Mary Carskadon na wenzake walionyesha kwamba saa ya mwili husogea mbele wakati wa balehe. Homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka usiku, na kijana hachelewi kulala kwa ukaidi tu. Mweke kijana huyo katika chumba kimoja na wadogo zake wanne, karibu na baa inayopiga muziki mpaka usiku wa manane, kisha umdai umakini saa moja na nusu asubuhi.

Sasa kuna hali ambayo madaktari huiita upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi. Hii si tabia mbaya wala malezi mabaya. Huanza utotoni, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake walilinganisha watoto 223 wenye hali hiyo na wengine 223 wasio nayo. Tabaka la nje la ubongo lilifikia unene wake wa juu kwenye umri wa takribani miaka saba na nusu kwa wasio na hali hiyo, na kumi na nusu kwa walio nayo. Ramani ya ukuaji ilikuwa ile ile, ila ilichelewa miaka mitatu hivi, na kuchelewa kulionekana zaidi sehemu za mbele. Wengine hufidia kadiri wanavyokua. Wengine hubaki na shida hata utu uzimani, ingawa sura yake hubadilika: yule aliyekuwa akipanda madawati sasa anaketi kimya, ila ndani yake hakutulii, na maisha yake yamejaa mambo aliyoyaanza bila kuyamaliza.

Je, hali hii inaweza kuanzia utu uzimani? Hapa wataalamu wamebishana sana, na ubishi wao ni wa manufaa kwetu. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani ulidai zamani kwamba dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 7. Toleo la mwaka 2013 lilisogeza umri huo hadi 12, na kwa mtu mzima likadai dalili 5 badala ya 6. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Dunedin, New Zealand, ambao umewafuatilia watu 1,037 tangu walipozaliwa mwaka 1972 na 1973. Kati ya waliokuwa na shida ya umakini walipofikia miaka 38, asilimia 90 hawakuwa na rekodi ya hali hiyo utotoni. Ilionekana kana kwamba kuna ugonjwa wa pili, wa watu wazima. Lakini mwaka 2018 Margaret Sibley na wenzake waliwachunguza kwa makini vijana ambao kwa dodoso walionekana kuingiwa na hali hiyo ukubwani. Takribani asilimia 95 waliondolewa kwenye hesabu. Wengi wao ama dalili zao hazikufikia kiwango, ama zilielezeka vizuri zaidi kwa matumizi ya vilevi au kwa ugonjwa mwingine wa akili.

Kwa hiyo mtu mzima asiyetulia si lazima awe na ugonjwa huo, na anaweza kuwa nao bila mtu yeyote kuugundua alipokuwa darasa la tatu miongoni mwa watoto 100 na zaidi. Umakini ni kama homa: husema kuna kitu, hausemi ni kitu gani.

Kwetu sisi wa ukanda huu kuna sababu ambayo vitabu vya Ulaya haviipi nafasi kubwa, nayo ni ile aliyoitaja yule mama. Malaria inayopanda kichwani, ambayo pwani ya Tanzania wazee wengi waliizoea kwa jina la degedege, haishii pale mtoto anapozinduka. Mwaka 2008 Chandy John, Michael Boivin na wenzao wa Uganda walichapisha habari za watoto waliotibiwa malaria hiyo katika hospitali ya Mulago, Kampala. Miaka miwili baadaye zaidi ya robo yao walikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, ilhali kwa watoto wa mtaani waliolinganishwa nao ulikuwa kwa mtoto mmoja kati ya 13 hivi. Eneo lililoathirika zaidi lilikuwa umakini. Malawi kwenyewe, mjini Blantyre, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto 132 walionusurika: 12 walipata kifafa baadaye, na katika kundi la kulinganisha la watoto 264 hakupata hata mmoja. Baadhi ya walionusurika walikuwa pia na matatizo ya tabia, yale ambayo mwalimu huyaita utundu.

Kisha kuna maisha yenyewe. Watoto wa Romania waliolelewa katika vituo vibovu vya mayatima, kisha wakachukuliwa na familia za Uingereza, walifuatiliwa mpaka ujana wao wa miaka ya ishirini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba baadhi ya waliokaa vituoni zaidi ya miezi sita walibaki na shida ya umakini, ingawa walilelewa vizuri baada ya hapo. Sitaki kuilinganisha Dzaleka na vituo vile. Watoto wa Dzaleka wana mama zao, wana wimbo, wana mpira, na tangu mwaka 2014 wana tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo Menes la Plume, linalowaleta watu kutoka Lilongwe kuja kambini badala ya kambi kwenda Lilongwe. Lakini posho za chakula zimekatwa zaidi ya mara moja, na sheria za nchi hazimruhusu mkimbizi kuishi na kufanya kazi atakako. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kijana anayepitisha miaka 15 ya kujengeka kwa ubongo wake katika hali ya kungoja, anafundishwa na kungoja huko pia. Anayelinda mlango usiku kucha huwa na masikio ya mlinzi hata darasani: mlango ukilia, amegeuka. Sisi tunasema hana umakini, kumbe umakini wote uko mlangoni.

Nilimwomba kijana wangu radhi, kisha nikamshauri aonane na mtaalamu. Huduma si nyingi. Hospitali kubwa ya serikali ya magonjwa ya akili iko Zomba, mbali na Dowa. Lilongwe kuna kitengo cha Bwaila na huduma za mabruda wa Mtakatifu Yohane wa Mungu. Alikwenda, pamoja na mama yake, na hilo lilisaidia, kwa sababu maswali mengi yalihusu utoto wake: alikuwaje kabla ya ile malaria, alikuwaje kabla ya miaka 12, shida iko darasani tu au hata nyumbani na kanisani, analala saa ngapi, anakunywa nini, anaota nini. Ilijulikana kwamba usiku alikuwa akilinda duka la kuchaji simu, jambo ambalo mimi, mwalimu wake kwa muhula mzima, sikulijua kwa kuwa sikuuliza. Hakupewa jina la ugonjwa siku ile. Aliambiwa abadilishe zamu kwanza, alale usiku, arudi baada ya wiki sita. Dawa za hali ile zipo, lakini hutolewa na daktari baada ya uchunguzi, wala si za kuazimana.

Darasani nilibadilisha mambo machache. Niliacha kutoa maagizo matatu kwa mdomo. Niliandika moja ubaoni, likiisha nikaandika la pili. Kazi ya kurasa tatu niliigawa vipande vya nusu ukurasa, kila kimoja na saa yake. Kwa upatanisho nilimfundisha kupigia mstari nomino ya kwanza na kuandika kiambishi chake pembezoni kabla ya kuendelea: “vi-”, “ya-”, “u-”. Akifika kwenye kitenzi, anatazama pembeni. Kumbukumbu aliyoikosa kichwani aliiweka kwenye karatasi. Niliogopa wenzake wangecheka, lakini ndani ya mwezi mmoja nusu ya darasa walikuwa wakifanya hivyo, na pale Lilongwe dereva mmoja wa lori, mtu wa miaka 51, aliniambia kwamba tangu shule ya msingi hakuna aliyewahi kumpa ruhusa ya kuandika pembezoni.

Niongeze neno juu ya istilahi, maana hii ni idara ya Kiswahili. Tuna “makini”, “umakini”, “uzingativu”, “utulivu”, na watu huyachanganya. Kwa maoni yangu, “utulivu” tuuache kwa mwili, “umakini” tuutumie kwa akili inayoshika jambo, na “uzingativu” kwa kulishika kwa muda mrefu. Kijana wangu alikuwa na umakini mkali wa dakika tano. Alichokosa ni uzingativu. Na “ubongo” ni neno letu sote: Mchewa naye husema “ubongo”, na Mtanzania anayeuita mji wa Dar es Salaam “Bongo” anamaanisha kwamba bila hicho kilicho kichwani huishi pale. Lakini tunapomwambia mwanafunzi “tumia akili”, tunamlaumu kwa kitu kimoja huku tukikitaja kingine.

Baada ya wiki sita makosa yalipungua, hayakwisha. Alirudi kwa mtaalamu, akaambiwa kwamba huenda hali ile ilikuwapo tangu utotoni, na huenda malaria ilichangia, na kwamba baada ya miaka 18 hakuna mashine ya kutenganisha viwili hivyo. Mama yake aliridhika na jibu hilo kuliko mimi. Fomu ya maendeleo niliiomba ofisini, nikakata lile neno kwa mstari mmoja, nikaweka sahihi na tarehe pembeni, na chini yake nikaandika: “Anahitaji muda wa ziada na kazi kwa vipande.” Mtihani wa maandishi alishindwa mara ya kwanza kwa alama nne, akafaulu mara ya pili.

Siku hizi hukalimani kambini, Kiswahili, Kifaransa na Chichewa, kwa wagonjwa wasioelewana na mhudumu. Vikao vya namna hiyo ni vifupi na vina haraka, navyo vinamfaa. Hutembea na daftari dogo lililofungwa kwa kamba shingoni, humo akiandika kila neno la dawa na kila saa ya kumeza. Ya kwanza matano aliyaacha kwenye minibasi.